Je, vita vya Marekani vingeweza kuepukwa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa ajili ya wanafunzi wa historia, walimu wanaoandaa midahalo, na kila anayetaka kulijadili jambo hili kwa ushahidi. Tumeshikilia tarehe, kura na maamuzi yenyewe, kwa sababu bila hivyo mjadala hugeuka ushabiki: asiyeipenda Marekani atasema vita vyote vingeepukwa, anayeipenda atasema hakuna hata kimoja.

Nitapimaje kama vita fulani vingeweza kuepukwa?

Usianze na vita vizima. Chagua uamuzi mmoja wenye tarehe, uliofanywa na mtu au chombo kinachojulikana, kisha ujiulize: siku ile kulikuwa na njia nyingine mezani? Mwamuzi aliijua? Alikuwa na nguvu za kisiasa za kuifuata? Na upande wa pili ungeikubali? Swali hili la mwisho ndilo linaloangusha hoja nyingi, maana watu huandika kana kwamba Washington ilikuwa uwanjani peke yake.

Lipo pia swali la tano ambalo wengi hulisahau, nasi tunaliona zito kuliko yote: gharama ya amani hiyo ingebebwa na nani? Utaona uzito wake tukifika mwaka 1861.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kurudi nyuma mno, hadi kwenye ukoloni au tabia ya binadamu, mpaka hakuna uamuzi wowote wa kuchunguza. La pili ni kumhukumu mtu kwa habari zilizofichuliwa miongo kadhaa baadaye. Kuhusu Vietnam, Rais Lyndon Johnson ahukumiwe kwa alichokijua Agosti 1964, si kwa nyaraka zilizotolewa mwaka 2005.

Nani ana mamlaka ya kuiingiza Marekani vitani?

Katiba, Ibara ya Kwanza, kifungu cha 8, inalipa Bunge mamlaka ya kutangaza vita. Rais ni amiri jeshi mkuu. Bunge limetangaza vita rasmi katika vita vitano tu: 1812 dhidi ya Uingereza, 1846 dhidi ya Mexico, 1898 dhidi ya Hispania, na Vita vya Kwanza na vya Pili vya Dunia. Tangazo la mwisho kabisa ni la Juni 1942, dhidi ya Bulgaria, Hungaria na Romania. Korea, Vietnam, Afghanistan na Iraq havikutangazwa rasmi. Viliendeshwa kwa amri ya Rais au kwa azimio la Bunge la kuruhusu nguvu za kijeshi.

Mwaka 1973, Bunge lilipitisha sheria ya mamlaka ya vita licha ya Rais Nixon kuipinga kwa kura yake ya turufu. Rais anatakiwa kulitaarifu Bunge ndani ya saa 48 baada ya kuwaingiza wanajeshi kwenye mapigano, na kuwaondoa baada ya siku 60, pamoja na 30 za kujiondoa salama, asipopata idhini. Sheria hiyo haimzuii kuanza. Na mtego mkubwa uko hapo hapo: katika vita vingi tutakavyovitaja, Bunge lilipiga kura wakati damu ilikuwa imekwisha kumwagika, na mbunge aliyesita alionekana msaliti wa askari walioko mstari wa mbele.

Ni kweli vita vya 1812 vilitokana na barua kuchelewa?

Nusu kweli. Marekani ilikuwa na malalamiko makubwa mawili. Moja ni amri za Uingereza zilizobana meli za nchi zisizohusika na vita vya Napoleon zisifanye biashara na bara la Ulaya. Jingine ni manowari za Uingereza kuwakamata mabaharia kwenye meli za Kimarekani na kuwatumikisha kwa nguvu. Waziri Mkuu Spencer Perceval, aliyezitetea amri hizo, aliuawa kwa risasi 11 Mei 1812. Tarehe 16 Juni serikali mpya ilitangaza bungeni kwamba itaziondoa. Tarehe 18 Juni Marekani ikatangaza vita. Habari za kuvuka Atlantiki zilichukua wiki kadhaa, hivyo hakuna aliyejua Washington.

Na kura zilikuwa finyu: 79 kwa 49 katika Baraza la Wawakilishi, 19 kwa 13 katika Seneti. Kura nne tu za maseneta zikihama, tangazo linaanguka. Ni rahisi kuamini kwamba taarifa ya London ingewageuza wanne hao.

Lakini taarifa ilipofika, Rais Madison hakusimamisha vita. Majenerali wa pande mbili, Prevost na Dearborn, walikubaliana kusitisha mapigano Agosti 1812, naye akakataa kwa sababu suala la mabaharia lilikuwa halijaguswa. Kwa hiyo barua ya mapema ingeweza kuzuia vita visianze. Iliyochelewa haikutosha kuvizima. Kinachouma ni kwamba Mkataba wa Ghent wa 24 Desemba 1814 haukutaja mabaharia hata kwa neno moja. Na kwa kuwa habari za mkataba nazo zilichelewa, mapigano makali ya New Orleans yalifanyika 8 Januari 1815, wiki mbili baada ya kutiwa saini.

Vita na Mexico, 1846–1848: nani aliyevitaka?

Hapa hatuna mashaka: Rais James Polk alivitengenezea njia. Marekani iliiunganisha Texas mwaka 1845. Mexico haikuwahi kuutambua uhuru wa Texas, na hata waliokuwa tayari kuutambua walisema mpaka wake ni Mto Nueces. Polk alisema ni Rio Grande, mbali zaidi kusini. Kwanza alimtuma John Slidell na ofa ya kuinunua New Mexico na California kwa hadi dola milioni 25. Serikali ya Mexico haikuthubutu kumpokea, kwani rais yeyote aliyeonekana kuuza ardhi angepinduliwa. Na kweli Rais Herrera alipinduliwa mwishoni mwa 1845 kwa tuhuma kama hizo.

Tarehe 13 Januari 1846 amri ilitolewa Jenerali Zachary Taylor asogee hadi Rio Grande, yaani aingie katika ardhi inayogombaniwa na kukaa pale bunduki mkononi. Tarehe 25 Aprili wapanda farasi wa Mexico walikishambulia kikosi chake kimoja. Kumbuka tarehe inayofuata: 9 Mei mchana, kabla habari hizo hazijafika Washington, Polk alikuwa amekwisha kuliambia baraza lake la mawaziri kwamba ataliomba Bunge litangaze vita. Habari zilifika jioni ile ile. Hotuba ikaandikwa upya, sasa ikidai kwamba damu ya Wamarekani imemwagika katika ardhi ya Marekani. Kura: 174 kwa 14, na 40 kwa 2. Desemba 1847 mbunge kijana kutoka Illinois, Abraham Lincoln, alimtaka Rais aonyeshe hasa ni mahali gani damu hiyo ilimwagika. Hakujibiwa.

Kwa nini tunasema vingeepukika? Kwa sababu rais huyo huyo, mwaka huo huo, aliepuka vita na Uingereza juu ya Oregon. Alikuwa ameidai nchi yote, lakini 15 Juni 1846 alikubali mpaka kwenye latitudo 49. Mwenye manowari nyingi alipewa mazungumzo. Jirani dhaifu alitumiwa jeshi mpakani. Kwa Mkataba wa Guadalupe Hidalgo, 2 Februari 1848, Mexico ilipoteza eneo linalojumuisha California, Nevada, Utah na sehemu kubwa ya New Mexico na Arizona, ikalipwa dola milioni 15.

Mbona vita dhidi ya watu wa asili havijadiliwi kama vita?

Vinapaswa kujadiliwa, na vingi ndivyo vilivyokuwa rahisi kuepuka kuliko vyote, kwa sababu mkataba wa kuviepusha ulikuwa umeshatiwa saini. Angalia vita vya Wasioux vya 1876.

Mkataba wa Fort Laramie wa 1868 uliwahakikishia Wasioux milima ya Black Hills, pamoja na haki ya kuwinda katika maeneo ya magharibi yake. Ulisema pia kwamba ardhi hiyo haiwezi kutolewa bila saini za robo tatu ya wanaume wazima. Mwaka 1874 msafara wa jeshi ukiongozwa na George Custer ulitangaza kuwapo kwa dhahabu, na wachimbaji wakafurika. Kisheria, kazi ya jeshi ilikuwa kuwatoa wachimbaji. Mwaka 1875 serikali ilijaribu kununua, ikakataliwa. Novemba mwaka huo, katika kikao cha faragha Ikulu, Rais Grant aliamua kwamba jeshi lisiwazuie tena wachimbaji, na kwamba wawindaji wa Kisioux walio nje ya hifadhi walazimishwe kurudi. Makataa yakawa 31 Januari 1876. Amri ilitumwa Desemba, katikati ya theluji, kwa familia zilizokuwa mahali mkataba ulipowaruhusu kuwa. Ilikuwa amri isiyotekelezeka, na waliotia saini walijua majira ya baridi ya nyanda hizo yalivyo.

Juni 25 Custer na wanajeshi wake walishindwa vibaya kwenye mto Little Bighorn, na hasira iliyofuata ikatumiwa kupitisha sheria ya 28 Februari 1877 ya kuichukua Black Hills. Saini zilizopatikana zilikuwa takriban asilimia 10 ya wanaume wazima, si robo tatu. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani ilithibitisha kwamba ardhi ilitwaliwa bila fidia halali, ikaidhinisha zaidi ya dola milioni 100 pamoja na riba. Wasioux wamekataa kuzipokea, kwa sababu wanachodai ni milima.

Je, Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe (1861–1865) vingeweza kuepukwa kwa maridhiano?

Maridhiano yalijaribiwa, na ni muhimu ujue yalisema nini. Lincoln alichaguliwa 6 Novemba 1860 kwa ahadi ya kuzuia utumwa usienee katika maeneo mapya. Hakuahidi kuufuta ulikokuwapo. South Carolina ilijitenga 20 Desemba. Hadi 1 Februari 1861 majimbo saba yalikuwa yameondoka, na Lincoln alikuwa hata hajaapishwa.

Seneta John Crittenden wa Kentucky alipendekeza mstari wa latitudo ya nyuzi 36 na dakika 30 uendelezwe magharibi: kusini mwake utumwa ulindwe na Katiba. Lincoln alikataa, akiona kwamba kukubali ni kufuta uchaguzi alioshinda na kuwaalika wenye watumwa kuitafuta ardhi mpya zaidi kusini. Kisha Bunge lilipitisha rekebisho la Katiba lililodhaminiwa na Thomas Corwin, kura 133 kwa 65 na 24 kwa 12, la kuizuia serikali kuu isiguse utumwa ndani ya majimbo milele. Kusini ilipewa hilo na haikurudi. Anayesema kwamba Kaskazini ilikataa kulegeza kamba hajasoma rekebisho la Corwin.

Sasa rudi kwenye swali la tano. Sensa ya 1860 ilihesabu watu 3,953,760 waliokuwa watumwa. Kila mpango wa amani uliowekwa mezani majira yale ya baridi uliwaacha katika minyororo, wao na watoto wao. Wao ndio wangelipa, na hawakuulizwa. Ndiyo maana hatuwezi kuweka vita hivi kapu moja na vya Mexico. Vilivyoua watu kati ya 620,000 na 750,000 kwa makadirio yanayotumika sana ni janga. Lakini amani iliyokuwa ikiuzwa nayo ilikuwa janga, ila la kimyakimya.

Serikali isingeweza kuwanunua watumwa wote na kuwaachia huru, kama Uingereza ilivyofanya?

Hesabu ni hizi. Uingereza mwaka 1833 ilitenga pauni milioni 20 kwa wamiliki. Marekani, thamani ya soko ya watumwa mwaka 1860 hukadiriwa kuwa dola bilioni 3 au zaidi, wakati matumizi ya serikali kuu kwa mwaka yalikuwa chini ya dola milioni 70. Ungehitaji hati fungani za miongo mingi, na kodi ambayo hakuna Bunge la wakati ule lingeipitisha.

Hata hivyo fedha si kizuizi kikuu. Kizuizi ni kwamba wauzaji hawakutaka kuuza. Lincoln alianza na Delaware, jimbo lenye watumwa 1,798 tu kwa sensa ya 1860, likashindwa hata kuufikisha muswada kwenye kura. Julai 1862, vita vikiwa vimepamba moto, aliwaomba wawakilishi wa majimbo ya mpakani, yaani yenye watumwa lakini ambayo hayakujitenga, wakubali fidia. Wengi wao wakakataa. Ni mji mkuu tu, Washington, ambako Bunge lilikuwa na mamlaka ya moja kwa moja, ndiko mpango ulikofanikiwa: sheria ya 16 Aprili 1862 ililipa hadi dola 300 kwa kila mtu, na watu wapatao 3,000 wakaachiwa huru. Waliolipwa ni mabwana.

Chanzo hakikuwa ushuru wa forodha na haki za majimbo?

Soma maazimio ya kujitenga yenyewe. Mississippi ilieleza waziwazi kwamba msimamo wake umefungamana na utumwa. Alexander Stephens, makamu wa rais wa majimbo yaliyojitenga, alihutubia Savannah 21 Machi 1861 akasema msingi wa serikali yao mpya ni dai kwamba mtu mweusi si sawa na mweupe. Kuhusu haki za majimbo, viongozi hao hao walikuwa wameunga mkono sheria ya 1850 iliyoyalazimisha majimbo ya Kaskazini kuwarudisha watumwa waliotoroka.

Kwa msomaji wa pwani yetu: vita hivi vilifika hadi madukani Zanzibar. Kitambaa cha merikani, kilicholetwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, kiliadimika pamba ya Kusini ilipokatika, na vitambaa vya Uingereza na India vikapata nafasi.

Manowari Maine ililipuliwa na Hispania mwaka 1898?

Hakuna ushahidi huo. Maine ililipuka bandarini Havana usiku wa 15 Februari 1898 na kuua mabaharia zaidi ya 250. Tume ya jeshi la majini ya wakati ule ilisema ni bomu la nje. Uchunguzi ulioongozwa na Admirali Hyman Rickover, uliotolewa mwaka 1976, ulielekeza kwenye mlipuko wa ndani, yaelekea moto katika stoo ya makaa ya mawe iliyopakana na ghala la baruti. Ni hatari ya kawaida kwa meli za enzi ile: makaa hujipasha joto taratibu bila mtu kuona.

Kidiplomasia, Hispania ilikuwa inarudi nyuma. Tarehe 9 Aprili ilikubali kusitisha mapigano Cuba. Tarehe 11 Aprili Rais McKinley aliliomba Bunge ruhusa ya kutumia nguvu, na mlipuko wa Maine akautaja mwishoni tu mwa hotuba yake. Je, siku chache zaidi zingesaidia? Vita na Hispania huenda vingeahirishwa, lakini wapigania uhuru wa Cuba wasingekubali chochote chini ya uhuru, na Madrid haikuwa tayari kuutoa.

Vya Ufilipino ni habari nyingine. Bunge lilikuwa limeahidi, kwa rekebisho la Seneta Teller, kutoitwaa Cuba. Ufilipino haikupewa ahadi hiyo. Ilinunuliwa kwa dola milioni 20 katika Mkataba wa Paris wa Desemba 1898, ingawa kiongozi wa Wafilipino, Emilio Aguinaldo, alikuwa ameshatangaza uhuru mwezi Juni. Mapigano yalianza 4 Februari 1899, siku mbili kabla ya Seneti kuuridhia mkataba. Ahadi kama ya Cuba ingetosha kuvizuia.

Vita vya Kwanza vya Dunia?

Uamuzi ulikuwa Berlin. Ujerumani ilijua kwamba kuanza tena mashambulizi ya nyambizi bila kizuizi, 1 Februari 1917, kungeiingiza Marekani, ikakisia kwamba Uingereza ingesalimu amri kwanza. Telegramu ya Zimmermann, waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani, iliyoiahidi Mexico kurudishiwa Texas, New Mexico na Arizona, iliharibu kilichobaki. Bunge likatangaza vita 6 Aprili.

Je, Marekani iliisukuma Japani hadi Pearl Harbor kwa vikwazo vya mafuta?

Vikwazo viliweka saa ya ukutani, havikuumba ugomvi. Japani ilikuwa vitani China tangu 1937. Julai 1941 majeshi yake yaliingia kusini mwa Indochina, na Washington ikazuia mali zake. Kwa utekelezaji, mafuta yakakatika kabisa. Marekani ndiyo iliyokuwa ikiiuzia Japani zaidi ya robo tatu ya mafuta yake, na akiba ilianza kuhesabiwa kwa miezi.

Nafasi iliyokuwapo ni ya Agosti na Septemba 1941, Waziri Mkuu wa Japani, Konoe, alipoomba kukutana na Rais Roosevelt ana kwa ana. Washington ilitaka makubaliano ya msingi kwanza. Lakini pima kwa swali la nne: je, jeshi la Japani lingekubali kuondoka China? Halikuonyesha dalili hiyo kabisa. Amani ya 1941 ingelipwa na Wachina. Meli za kushambulia Pearl Harbor ziling'oa nanga 26 Novemba saa za Japani, kabla waraka wa masharti wa Hull, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, wa tarehe hiyo haujakabidhiwa, kwa hiyo dai kwamba waraka huo ndio uliosababisha shambulio halisimami.

Korea: kosa lilikuwa wapi?

Kuna vita viwili ndani ya kimoja. Cha kwanza kilianza 25 Juni 1950, Kaskazini ilipovamia kwa ridhaa ya Stalin. Cha pili, kati ya Marekani na China, ndicho kilichokuwa na mlango wazi wa kutokea. Kufikia mwisho wa Septemba Kusini ilikuwa imekombolewa. Tarehe 3 Oktoba Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai, alimwita balozi wa India, K. M. Panikkar, akamwambia kwamba majeshi ya Marekani yakivuka latitudo 38, China itaingia. Ujumbe ulifika Washington ukapuuzwa, kwa kuwa Panikkar alihesabiwa kuwa mpendelea wakomunisti. Majeshi yakavuka, China ikaingia. Usitishaji mapigano wa 27 Julai 1953 uliacha mpaka karibu pale pale. Onyo lilikataliwa kwa kumwangalia mleta ujumbe.

Vietnam: ni uamuzi upi ungebadilisha mambo?

Mmoja uliwahi kuzuia vita: mwaka 1954 Rais Eisenhower alikataa kuwaokoa Wafaransa waliozingirwa Dien Bien Phu, kwa sababu Uingereza ilikataa kushiriki na viongozi wa Bunge hawakutaka kuingia peke yao. Kwa hiyo haikuwa lazima.

Uliofuata ulikuwa wa 1956. Makubaliano ya Geneva ya Julai 1954 yaliweka uchaguzi wa nchi nzima Julai 1956. Kiongozi wa Vietnam Kusini, Ngo Dinh Diem, alikataa kuufanya, Washington ikamuunga mkono, ikihofia ushindi wa Ho Chi Minh, kiongozi wa kikomunisti wa Kaskazini.

Kisha Ghuba ya Tonkin. Tarehe 2 Agosti 1964 boti za Vietnam Kaskazini ziliishambulia manowari Maddox, hilo lilitokea. Shambulio la 4 Agosti halikutokea: mabaharia walisoma vibaya rada na sona usiku wa dhoruba. Saa chache baadaye kamanda wa kikosi hicho cha manowari, aliyekuwa ndani ya Maddox, alituma ujumbe wa kutilia shaka na kupendekeza uchunguzi kamili kabla ya hatua nyingine. Ndege zilitumwa hata hivyo. Tarehe 7 Agosti azimio lilipita kwa 416 kwa 0 na 88 kwa 2. Hapa Johnson hawezi kutetewa kwa kusema hakujua, maana shaka ilikuwamo kwenye simu za siku ile ile.

Mlango wa mwisho ulikuwa Februari hadi Julai 1965. Makamu wa Rais Hubert Humphrey aliandika Februari kwamba, baada ya ushindi mkubwa wa uchaguzi wa 1964, huu ndio mwaka ambao Rais angeweza kujitoa kwa hasara ndogo ya kisiasa. Alitengwa kwenye vikao. George Ball, naibu waziri wa mambo ya nje, naye alipinga kwa maandishi. Tarehe 28 Julai Johnson alitangaza kuongeza wanajeshi hadi 125,000. Wamarekani waliokufa walifika zaidi ya 58,000. Wavietnamu ni mamilioni.

Afghanistan ilihusianaje na Nairobi na Dar es Salaam?

Moja kwa moja. Mabomu ya 7 Agosti 1998 kwenye balozi mbili za Marekani yaliua watu 224, wengi wao Wakenya. Tarehe 20 Agosti Marekani ilirusha makombora Afghanistan na kwenye kiwanda cha dawa cha al-Shifa, Khartoum. Oktoba 1999 Baraza la Usalama, kwa Azimio 1267, liliitaka Taliban imkabidhi Osama bin Laden, likitaja wazi mashambulio ya Nairobi na Dar es Salaam. Taliban ilikataa kwa miaka miwili. Njia ya kuepuka vita ilikuwapo, nayo ilikuwa mikononi mwa viongozi wa Taliban huko Kandahar tangu 1999, kabla hata ya 11 Septemba 2001.

Na Iraq, 2003?

Hivi vilikuwa vya hiari. Azimio 1441 la Baraza la Usalama, la 8 Novemba 2002, liliwarudisha wakaguzi wa silaha, na chini ya Hans Blix wakafanya ukaguzi zaidi ya mara 700. Hawakukuta akiba ya silaha za maangamizi, wakaomba miezi zaidi. Vita vilianza 20 Machi 2003. Ripoti ya wachunguzi wa Marekani wenyewe, mwaka 2004, ilithibitisha kwamba akiba hiyo haikuwapo. Kilichosukuma tarehe ni askari waliokuwa wamekwisha kurundikwa Kuwait: huwezi kuwaweka jangwani hadi kiangazi, na kuwarudisha kulionekana ni kushindwa. Jeshi lililotumwa kuipa diplomasia nguvu liliishia kuinyima muda.

Ipo mifano ya vita vilivyokaribia vikaepukwa?

Ipo. Novemba 1861 manowari ya Marekani ilisimamisha meli ya Uingereza, Trent, na kuwakamata wajumbe wawili wa Kusini, mmoja wao John Slidell yule yule wa Mexico. London iliandaa onyo kali. Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, akiwa mgonjwa wiki chache kabla ya kifo chake, alililainisha ili Washington ipate njia ya kusema nahodha alitenda bila amri. Lincoln akawaachia.

Oktoba 1962, makombora ya Kisovieti Cuba: Kennedy alichagua kuzingira kwa meli badala ya kushambulia kwa ndege, jambo lililompa kiongozi wa Kisovieti, Khrushchev, siku za kufikiri, na kwa siri Kennedy akakubali kuondoa makombora ya Marekani ya Jupiter yaliyokuwa Uturuki. Kote kuwili utaona mambo yale yale: muda uliongezwa badala ya kukatwa, na mpinzani aliachiwa namna ya kurudi nyuma bila kuaibika.

Wabunge waliopinga walipatwa na nini?

Jeannette Rankin wa Montana alipinga 1917 pamoja na wenzake 49, na 1941 akawa peke yake dhidi ya 388; hakugombea tena 1942. Wayne Morse na Ernest Gruening, maseneta wawili wa kura ya Tonkin, wote walipoteza viti vyao mwaka 1968. Azimio walilolipinga lilifutwa Januari 1971. Barbara Lee wa California, kura pekee ya hapana dhidi ya 420 tarehe 14 Septemba 2001, Baraza la Wawakilishi lilipoidhinisha nguvu za kijeshi, alitishiwa kuuawa na akahitaji ulinzi; wapiga kura wake waliendelea kumrudisha bungeni kwa zaidi ya miaka 20.